Ndege Hawakuruka

Kambini, pwani ya Pangani
9 Novemba 2024

Dada Rahabu,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekufikia bila kunuka samaki, maana Yusuph ana tabia ya kutia kila kitu kwenye kapu lake moja. Ikinuka, mlaumu yeye na lori lake. Mimi ni mzima, nimeungua jua mpaka masikio, na nimejifunza kula pweza. Mwambie Mama asikunje uso, ni mtamu.

Umeniuliza kazi yangu hapa kambini hasa ni nini. Kazi yangu ni kulinda usingizi wa ndege. Cheka kwanza, nitakusubiri.

Mbele ya kambi kuna mchanga ulioinuka baharini, watu wa hapa wanauita Fungu la Sululu. Maji yakipwa unafika kwa miguu. Yakijaa, panabaki kipande kidogo tu juu, na pande zote ni maji. Hapo ndipo ndege wanaposimama kupumzika mpaka maji yarudi nyuma wapate tena matope ya kuchokoa. Wapo sululu wenye midomo mirefu iliyopinda kama mundu, na vitwitwi wadogo wasiotulia. Wanatoka nchi za kaskazini kabisa kunakoganda barafu, wanakaa kwetu tangu Septemba mpaka Aprili, kisha wanarudi kwao kuzaa. Safari yote hiyo wanaiendea kwa mafuta waliyojaza mwilini. Kila wakirushwa bure mafuta yanapungua, na aliyepungukiwa anaanguka njiani.

Basi wageni wakija nawaambia karibuni, ogeleeni, tembeeni, pigeni picha, bahari ni ya wote. Ila fungu lile mlipitie mbali, na mbwa afungwe kamba. Mkiona ndege wameacha kula na wameinua vichwa, mmeshasogea mno, kaeni chini, kisha rudini taratibu. Wengi wanaelewa. Wachache wananiuliza kama ndege hao ni wa baba yangu.

Nakueleza yote haya ili uelewe jambo la juzi. Maji yalikuwa yamejaa na ndege wamejazana juu ya fungu. Katikati yao alisimama mtu.

Dada, ndege hawa huruka hata mtoto akipiga chafya upande wetu. Mtu huyu alikuwa kati yao kabisa, sululu wanampita miguuni, na hakuna aliyeruka. Alitupa mgongo, ameelekea baharini. Alivaa koti. Katika joto hili la kukaanga mayai, koti. Nilitaka kumwita, lakini ningewarusha ndege wote. Nikangoja maji yapwe nimfuate. Yalipopwa hakuwepo, na sikuona boti ikija wala ikienda.

Usimwambie Mama. Pengine ni jua limenipanda kichwani.

Mdogo wako,
Eliudi


Magamba, Lushoto
20 Novemba 2024

Mdogo wangu Eliudi,

Marahaba. Barua imefika, imenuka dagaa, nimemlaumu Yusuph kama ulivyoagiza na yeye amesema unamsingizia.

Huku ukungu haujaondoka wiki hii yote. Pilipili hoho zinaoza kabla hazijaiva, na barabara ya Shume imekatika tena, malori ya mbao yamepanga foleni mpaka chini. Mama anakohoa kidogo asubuhi. Bado hataki simu iletwe karibu naye. Tangu habari ya Anord ije kwa simu, anasema habari inayokuja bila miguu si habari ya kupokea. Kwa hiyo endelea kuandika, nami nitamsomea yanayosomeka.

Sasa nikuseme. Kaka yako Anord alishuka huko mwaka huu kujenga mabanda ya wageni, fundi hodari, akaenda kutembea kwenye mchanga siku ya mapumziko, na maji yakamzunguka. Hakujua. Nani kati yetu angejua? Kwetu maji yana adabu, yakishuka yameshuka, hayageuki nyuma kukufuata. Mwili haukuonekana. Na wewe, badala ya kuichukia bahari ile, ukaenda kuomba kazi palepale. Ulisema ni kwa ajili ya mshahara. Mimi sikuwa mjinga siku ile na si mjinga leo.

Rudi nyumbani, Eliudi. Shamba la juu la karoti halina mtu.

Lakini kabla hujarudi, nijibu jambo moja na usiliulizie sababu. Koti ulilomwona nalo mtu huyo lilikuwa la namna gani?

Dada yako,
Rahabu


Kambini
3 Desemba 2024

Dada Rahabu,

Shikamoo. Umekataza nisiulize sababu, basi siulizi, ingawa unajua ulimi wangu unavyoniwasha.

Nimemwona tena, siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo. Koti ni la kijani, zito, la kwetu la baridi. Kiwiko cha kulia kina kiraka chekundu cha damu ya mzee. Kiraka kimeshonwa kwa mkono, si kwa cherehani. Niliyaona haya kwa darubini ya kambi.

Siku hiyo sikuvumilia. Nilivua viatu nikaingia majini kumfuata, maji yakiwa kiunoni. Ndege waliinua vichwa wote kwa pamoja. Nikapiga hatua nyingine, wakaruka, fungu zima likageuka mabawa. Waliposogea mbali niliona mchanga mtupu. Walizunguka muda mrefu kabla ya kutua, na nilijisikia mwizi, mimi niliyewekwa kuwalinda.

Nimemwuliza Mwanaidi, mama mpishi wetu, mzaliwa wa hapa, anayechokoa pweza tangu utoto. Nilidhani atanicheka. Aliendelea kukuna nazi, akasema, "Huyo yupo siku nyingi. Mimi humwinulia mkono." Nikamwuliza ni nani. Akasema, "Ndege wamemzoea, basi si wa kuogopwa. Ila usimrushe. Wakiruka wote yeye hana pa kusimama."

Sasa huwa nakaa chini mbali, mgongo kwenye mkoko, natazama. Naogopa, nisikudanganye. Lakini pia nafarijika, na hilo ndilo linaloniogopesha zaidi.

Mdogo wako,
Eliudi


Magamba
18 Desemba 2024

Eliudi mdogo wangu,

Marahaba. Kaa chini kabla ya kusoma.

Wewe hukuwepo kwenye mazishi ya Anord, ulikuwa huko unamtafuta. Kwa kuwa mwili haukupatikana, tulifanya kama wazee wetu walivyofanya kwa waliopotea mbali. Tulizika mgomba mahali pake. Mchungaji alisali kanisani, kisha akakumbuka ana kikao Lushoto mjini, akatuachia makaburi wenyewe. Ni mtu mwenye busara. Mgomba tuliuvisha nguo ya marehemu. Mama ndiye aliyechagua nguo. Alichagua koti la kijani, lile alilolitia kiraka kwa kitambaa cha joho lake la zamani la kwaya. Nililifunga vifungo mwenyewe. Liko chini ya udongo, Eliudi, futi nyingi chini, nyuma ya nyumba yetu.

Na kuna jingine ambalo nimelificha tangu mvua za vuli zianze. Mgomba wa kuzikia hukatwa juu, shina tupu, uoze na mambo yaishe. Mjomba Kornelio siku ile alikuwa na haraka na machozi, akaung'oa pamoja na mzizi wake. Hakuna aliyeangalia. Sasa umechipua. Kichipukizi kimetoka katikati ya kaburi, kina majani matatu, kibichi kabisa wakati migomba yote ya jirani imekunjwa na baridi. Nilikuwa nakifunika kwa ndoo kila Mama akitoka nje.

Jana ndoo aliiinua yeye. Alisimama pale mpaka ukungu ukamlowesha kitenge. Akaniambia, "Hajakubali kuzikwa. Yuko wapi?" Barua yako ilikuwa kwenye kanga yangu. Nilimsomea, ningefanyaje.

Amesema lazima aende kumchukua. Mjomba Kornelio ameshaanza kukusanya ukoo. Anataka waje na baragumu na ngoma, wasimame ufukweni wamwite jina kwa sauti moja, kama zamani walivyomwita mtu aliyepotelea msituni. Wanasema wakimwita vizuri atawafuata mpaka nyumbani, kichipukizi kitakauka, naye atalala. Mama ameacha kula vizuri tangu jana. Naogopa tusipoenda tutazika mgomba mwingine hapa hapa.

Dada yako,
Rahabu


Kambini
10 Januari 2025

Dada Rahabu,

Shikamoo, na mfikishie Mama shikamoo yangu kwa magoti.

Barua yako niliisoma nimesimama, kwa ubishi wangu, kisha nikakaa chini mwenyewe.

Msije na baragumu. Nakusihi. Nimezungumza na Mwanaidi kwa kirefu. Anasema mtu wa namna hiyo hana kwake ila kati ya ndege. Mkipiga ngoma, ndege watainuka wote, naye atainuka nao, kwa sababu atadhani ndiyo safari. Na kuanzia Machi wako tayari kuondoka, wakirushwa vibaya huenda wasirudi tena kwenye fungu. Wataelekea kaskazini, na yeye pamoja nao, huko kwenye barafu ambako hakuna hata mmoja wetu atakayemfuata. Mjomba Kornelio atakuwa amemwita Anord mpaka akampoteza mara ya pili.

Kuna njia nyingine. Ni ileile ninayowafundisha wageni kila siku. Usiwafuate ndege, waache waje. Mama aje maji yakiwa yamepwa, aketi chini pembeni mwa fungu, juu penye ukavu, asivae nguo ya rangi ya kuwaka, asinyooshe mkono, asiseme kwa sauti. Kisha angoje. Maji yakipanda yatawasogeza ndege kidogo kidogo mpaka alipo. Mtu akiwa ameketi tangu mwanzo hawamwogopi, wanamchukua kuwa sehemu ya mchanga. Nitaweka boti ya kambi karibu, mkondo wa upande ule ni mdogo. Njooni katikati ya Machi, bamvua ya mwezi mpevu, kabla hawajaondoka.

Haya yafuatayo usimsomee Mama. Mwanaidi aliniambia neno jingine wakati ameinama kwenye moto. Alisema, "Mchukueni, ni wenu. Lakini fungu halikai tupu." Nikamwuliza maana yake. Akanitazama, akaniuliza kama chumvi imekolea.

Mdogo wako,
Eliudi


Magamba
8 Februari 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Vita vya baragumu vimekwisha. Mjomba Kornelio alipiga meza, akasema tangu lini mtoto aliyezaliwa juzi akawafundisha wazee namna ya kumwita maiti wao. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Kornelio, wewe ndiye uliyeung'oa na mzizi." Mjomba aliichukua kofia yake akaenda nyumbani. Tunakuja Mama na mimi tu.

Ungeyaona mafunzo tunayofanya ungecheka mpaka ulie. Mama anakwenda shamba la juu kila asubuhi, anaketi kati ya kabichi bila kusogea, anangoja njiwa wa msituni washuke kula. Siku za kwanza waliruka. Sasa wanamkaribia mpaka wanadonoa pindo la kitenge. Watu wa Magamba wanadhani amepata uzee wa ghafla. Rafiki yake Beatha alimletea uji. Mama alimwashiria kwa jicho akae chini, na Beatha akakaa, bakuli mkononi, mpaka uji ukapoa.

Kichipukizi kimefika kifuani kwangu.

Sijamsomea yale ya mwisho. Lakini mimi nakuuliza, na usinijibu kwa mzaha. Fungu halikai tupu maana yake nini? Kama kuna bei, itaje kabla hatujapanda basi.

Rahabu


Magamba
22 Machi 2025

Mdogo wangu Eliudi,

Marahaba kwa shikamoo zote ulizonipa huko. Tumefika salama. Mshukuru Mwanaidi tena kwa niaba yetu, mtu aliyefunga Ramadhani na bado akatupikia wali wa nazi mchana, akionja kwa pua tu.

Najua ulikuwa kwenye boti, lakini mimi nilikuwa nyuma ya Mama, nikuambie nilivyoona kutoka pale. Maji yalikuja bila sauti. Vitwitwi walitangulia. Vile vifua vyao vilivyogeuka vyekundu, rangi ya udongo wa kwetu, vilinitoa machozi hata sijui kwa nini. Kisha sululu. Wakatuzunguka pande zote, nasikia vidole vyao kwenye mchanga. Nilikuwa natazama miguu ya ndege, nikaona katikati yake miguu ya mtu. Sikuinua macho juu ya magoti. Niliona pindo la koti linachuruzika maji.

Mama hakumwita jina. Alisema naye Kishambaa kwa sauti ya chini, ile aliyotuamshia tulipokuwa wadogo. Alimwambia koti limelowa, twende nyumbani likakauke. Basi. Kisha akasimama. Nilifumba macho, nikajua wataruka wote na tumekwisha. Hawakuruka. Waliachia njia tu, kama watu kanisani wanapompisha mtu mzima.

Kwenye basi kutoka Tanga Mama alilipia kiti cha tatu. Kondakta akauliza abiria yuko wapi, Mama akasema ameketi. Pale Muheza kijana mmoja alikaa kwa nguvu, akainuka mara moja, akajipapasa nyuma akisema kiti kimelowa. Hakuna aliyekaa tena mpaka Lushoto, na watu walikuwa wamesimama hadi mlangoni.

Kichipukizi tulikikuta kimelala chini, kimeoza mpaka mzizi. Kaburi limetitia kidogo, kama godoro lililopata mlalaji. Mama alikula viazi vingi jioni ile, akalala mpaka jua likatoka.

Mwenzako amefika. Umebaki wewe. Kitanda chako nimekitandika. Na swali langu la Februari hujalijibu, si kwa barua wala kwa mdomo, kila nilipokubana ulikwenda kuangalia boti.

Dada yako,
Rahabu


Kambini
29 Machi 2025

Dada Rahabu,

Shikamoo. Nimesoma habari za kiti cha basi mara nyingi. Kaka Anord hakuwahi kulipa nauli mwenyewe hata alipokuwa hai, naona tabia haijabadilika.

Nimefurahi, na nasema kwa moyo wote. Lakini tangu mwondoke fungu limekuwa na ugeni. Ndege hawatulii. Wanaruka bila kitu, hakuna mtu, hakuna mwewe, hakuna boti. Wanatua, wananyoosha shingo, wanatazama pale katikati alipokuwa akisimama, wanaruka tena. Mafuta yao yanakwisha na safari ni wiki ijayo au inayofuata. Nimewaza kwamba walilala vizuri msimu huu kwa sababu kuna mtu alisimama nao.

Sikukuu ya Idd iko mlangoni, ufukwe utajaa watu, na nitakuwa na kazi. Nikishawaona ndege wameondoka salama nitapanda lori la Yusuph nije Pasaka. Weka karoti kando, nitazilima, acha kulalamika.

Ulichouliza sikujibu kwa sababu ningekujibu msingekuja. Mama alikuwa ameacha kula, Dada. Ungefanya nini ungekuwa mimi? Pengine ni maneno tu ya mpishi. Watu wa pwani wana maneno mengi.

Mdogo wako,
Eliudi


Pwani ya Pangani
6 Aprili 2025

Kwa dada Rahabu,

Assalaam aleikum. Mimi ni Mwanaidi wa jikoni. Mdogo wako aliniambia kwenu habari haziji kwa simu, ndiyo maana nimeandika, na Yusuph ameahidi kuileta kwa mkono wake mwenyewe. Nisamehe kwa barua hii.

Siku ya pili ya Idd watu walijaa. Maji yalikuwa ya bamvua, yanapanda. Mbwa wa mgeni mmoja alikata kamba akakimbilia kwenye fungu, ndege wakaruka wote. Eliudi alimfuata kwa miguu. Mbwa alirudi peke yake akiogelea. Eliudi alibaki kule, maji yameshamzunguka, na boti ya kambi ilikuwa imepeleka wageni mbali.

Tulitaka kupiga kelele. Akatupa ishara ya mkono, ile yake mnayoijua, kaeni chini. Ndege walikuwa wanazunguka juu wanatafuta pa kutua. Tukakaa, dada yangu. Watu wote wa ufukwe, wakubwa na watoto, tuliketi mchangani kimya kama alivyotufundisha, tukidhani anajua atakavyorudi. Ndege wakatua wakamzunguka. Alikuwa ametulia. Maji yakapanda magotini, yakapanda zaidi, na hakuna aliyepaza sauti. Tulipotanabahi hapakuwa na mtu tena, ndege tu, wamejazana na wamelala.

Boti zimetafuta siku zote hizi. Hatujampata. Mimi ni mzazi, najua ninachokuandikia.

Mwanaidi


Kambini
11 Aprili 2025

Dada Rahabu,

Shikamoo. Samahani nimechelewa kuandika, karatasi zangu zililowa.

Kazi imekuwa nyepesi mno. Ndege hawaruki tena nikipita. Natembea katikati yao maji yakiwa yamejaa, na hata kichwa hawainui. Jana sululu mmoja alisimama juu ya mguu wangu akalala kwa mguu mmoja. Wametulia sasa, wamenenepa, vifua vyekundu kabisa. Ungewaona ungesahau hoho zako.

Watu wa kambi wamekuwa na kiburi kidogo, nawasalimia hawaitikii. Mwanaidi peke yake huniinulia mkono. Joto limekwisha kabisa. Nasikia baridi ya Julai ya Magamba, hasa mabegani. Kama kuna koti mahali, mpe Yusuph.

Wanaondoka wiki hii. Wanainuka jioni makundi makundi, wanazunguka wanaitana, kisha kaskazini. Leo walipoinuka nilihisi miguu imekuwa myepesi. Pasaka sitawahi, mwambie Mama. Niandikie upesi, Dada. Sijui kama nibaki au niende nao.

Mdogo wako,
Eliudi


Magamba
15 Aprili 2025

Mdogo wangu Eliudi,

Marahaba, mdogo wangu. Marahaba.

Barua yako imeletwa leo na Yusuph. Anasema hakuna aliyempa, aliikuta kwenye kapu chini ya turubai aliposhusha makreti. Karatasi ina chumvi mpaka inasimama yenyewe. Ya Mwanaidi ilifika kabla yake, na nyumba ilikuwa imejaa watu wa msiba nilipoifungua yako. Niliutambua mwandiko kabla ya kuiona tarehe.

Mjomba Kornelio alikuja na panga. Safari hii alisema ataukata mgomba juu, vizuri, mbele ya mashahidi. Mama akamwambia aliweke chini. Amesema aliyezikwa na mgomba ndiye aliyekufa, na asiyezikwa yuko kazini. Kwa hiyo hatukuziki, usisikie baridi ya kaburi, hiyo unayosikia ni ya maji tu. Koti tumempa Yusuph. Ni la baba, la kahawia, limetiwa naftalini. Mwanaidi ataliweka mchangani maji yakiwa yamepwa, kisha ataketi mbali, chini, akusomee barua hii kwa sauti ndogo.

Umeniuliza ubaki au uende. Baki. Wakiinuka, wewe usiinuke. Kaa chini kama ulivyotufundisha. Shika mchanga kwa mikono miwili mpaka wa mwisho apotee, na miguu ikiwa myepesi taja majina yetu, langu, la Mama, la Magamba hii na ukungu wake. Wana desturi ya kurudi Septemba, wewe ndiye uliyenieleza. Fungu litakuwa bila ndege miezi michache, nawe utasikia upweke, na ninajua hujauzoea. Vumilia. Septemba wakitua tutakuja kukaa nao, na hatutakuja na ngoma.

Nililia jana mbele ya watu wote, mimi ambaye sikulia kwa Anord. Nilikuwa nakungoja kwa karoti, Eliudi. Nilikuwa nimeziacha ardhini makusudi ili uzikute.

Leo asubuhi nimemsomea Mama barua zako zote tangu mwanzo, bila kuruka kitu. Nilipofika kwenye neno la Mwanaidi kwamba fungu halikai tupu, nilisimama, nikamngoja alie. Hakulia. Alikuwa amejifunga kitenge chake cha rangi ya mchanga, ametoka kati ya kabichi, umande bado miguuni. Aliniambia nimwonyeshe kama mipaka ya shamba la juu ninaijua yote, na nimtaje nani atanisaidia kupalilia mwakani. Kisha akaniuliza Septemba maji ya bamvua yanajaa saa ngapi.

Dada yako,
Rahabu